Fundi Aliyekataa Dairekti

Ukimpelekea gari lililochemka, hakukupa pole. Alikuuliza, "Feni imekataa kuzunguka, au haikuambiwa izunguke?"

Ukijibu "Sijui, Fundi," uso ulimlegea, maana wengi waliofika kwake walikuja wakijua kila kitu. Ukijibu "Feni imekufa," alirudi kwenye kiti chake, kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye basi dogo na kupigiliwa juu ya kreti mbili za soda, akakaa, akasema, "Basi peleka makaburini. Mimi nashughulika na walio hai."

Ni fundi umeme wa magari hapa Makanyagio, Mpanda. Alizaliwa wapi na watu wake ni akina nani, sina la kueleza. Kwa miaka kumi na minne sikumuuliza, naye hakuniuliza. Aliniita Mama Mchele kwa sababu ya mchele ninaoutoa Usevya kwa kigari changu cha mizigo, mimi nilimwita Fundi, na majina hayo mawili yalitutosha.

Namsimulia kama mtu aliyepita, na yuko hai. Hilo ndilo linalonisumbua. Mwezi uliopita binti yake, ambaye ana cherehani kwenye baraza hiyohiyo ya baba yake, aliniomba nimwambie mzee aache kugusa magari. Alinichagua mimi kwa sababu nina mdomo. Ni kweli ninao. Nimewahi kubishana na mkulima wa Usevya mpaka akaniongezea debe zima ili tu niondoke shambani kwake. Lakini kumwambia yule mzee aweke chini taa yake ya kupimia, nilianza sentensi hiyo mara tatu, na mara zote tatu ikaishia kwenye habari za mvua.

Nilimfahamu kwa ugomvi. Nilikuwa natoka Kapalamsenga na dagaa, gari likapanda milima taratibu, mzigo mzito, jua la saa saba, na kabla ya kumaliza mlima wa pili geji ya joto ikawa imelala upande wa pili. Niliteremka mjini kwa kusimama kila baada ya kilomita tatu. Kila fundi niliyemuuliza njiani alisema maneno yaleyale: toa themostati, ile inayobana maji kwenye injini, tupa, halafu feni ifunge dairekti. Yaani waya mmoja kutoka kwenye ufunguo hadi kwenye feni, ukiwasha gari na feni inazunguka, mpaka uzime. Huku kwetu nusu ya magari yanatembea hivyo na wenye magari wanajisifu.

Nikafika kwake, nikaagiza kama mtu anayeagiza chipsi. "Fundi, nifungie dairekti."

"Sifungi."

"Kwa nini? Wenzako wote wanafunga."

"Nenda kwa wenzangu."

Nilishajua hapo nimekutana na muuzaji mgumu, na mimi muuzaji mgumu ananichangamsha. Nikashusha dau. "Basi niwekee na swichi ndani, niwe naiwasha mwenyewe."

"Kwa hiyo wewe ndiye utakuwa sensa?" Alinitazama kuanzia ndala mpaka kilemba. "Maji yakichemka utasikia wapi? Kwenye goti?"

Watu wawili waliokuwa wakinywa kahawa pale walicheka. Nilitaka kukasirika, ila goti langu kweli halisikii chochote isipokuwa mvua ikikaribia.

"Stesheni unaifahamu?" akaniuliza.

"Naifahamu."

"Treni ikiondoka, yule bwana mwenye bendera ya kijani ndiye anayeivuta?"

"Kichwa kinavuta."

"Sasa yeye anafanya nini pale?"

"Anaruhusu."

"Haya." Akafungua boneti. "Feni inakula umeme mwingi. Ukiupitisha wote kwenye sensa, sensa inaungua kama karatasi. Sensa ni mwenye bendera tu. Amekaa hapa, ndani ya maji ya rejeta, kazi yake ni kusikia joto. Maji yakifika kiasi chake, anainua bendera. Rilei hii hapa inaiona bendera, inafungua njia. Utaisikia, inasema tik. Hapo ndipo umeme mkubwa unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unapita kwenye rilei, unaingia kwenye feni. Maji yakipoa, bendera inashuka, njia inafungwa, feni inalala."

"Na fyuzi yeye anafanya nini katikati?"

"Fyuzi kaajiriwa kufa. Umeme ukizidi, anakatika yeye ili waya usiwake moto."

"Na dairekti?"

"Dairekti ni treni isiyo na mtu wa bendera. Inakwenda mchana kutwa hata kama hakuna abiria. Feni inachakaa, betri inachoka, na siku feni ikisimama hutajua, maana uliizoea kelele yake mpaka ukaacha kuisikia."

Bei tulibishana, akanishinda. Nilirudi nyumbani na gari lenye sensa mpya, rilei mpya na fyuzi, nikiwa na hasira za mtu aliyelipa zaidi na kujua kwamba ameuziwa kwa haki.

Alikuwa na utaratibu ambao ulitukera wateja wote. Hakugusa gari la feni likiwa la baridi. Uliwasha, ukangoja, naye akangoja, akitazama geji kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Dakika ishirini, wakati mwingine ishirini na tano. Akishaona joto limepanda na feni haijaitika, ndipo aliinuka. Mkono wake ulikuwa na njia yake: kwanza fyuzi, halafu rilei, halafu soketi ya feni, halafu mota yenyewe. Hakuruka hata siku moja. Kuna dereva wa lori alimwambia, "Mzee, mimi nina uhakika ni mota, anzia hapo," akajibiwa, "Wewe ukienda kanisani unaanzia kwenye baraka?"

Na mtu huyohuyo aliyeweza kungoja injini ipande joto dakika ishirini, hakuweza kungoja chai ishuke joto dakika mbili. Aliinywa ikiwa inatoa moshi, akiungua, akitukana kidogo, akipiga funda la pili. Binti yake alishajaribu kumletea ikiwa vuguvugu. Aliirudisha. "Hii mmemtengea nani? Mgonjwa?"

Skurubu alizitia kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kupaka, akizihesabu kwa sauti. Mimi nina ugonjwa wangu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, kwa hiyo tulihesabu wote. "Sita," anasema. "Sita," nasema. Wakati wa kurudisha: "Sita." "Sita." Mara moja tu kwa miaka yote tulitofautiana, yeye saba mimi nane, tukabishana mpaka tukazimwaga chini. Zilikuwa nane. Hakusema nilikuwa sahihi. Alisema, "Moja hiyo ilikuja na gari lingine."

Msidhani alikuwa mtu wa kunyooka kila mahali. Ndani ya gari waya wake ulipita kama nywele zilizosukwa, umefungwa tepu, umebanwa, huwezi kuuona mwisho wake. Nyumbani kwake balbu ya sebuleni ilining'inia kwenye nyaya mbili zilizochubuka, na ukitaka kuizima unaizungusha kwa kitambaa. Binti alipolalamika, alisema umeme wa nyumba si fani yake. Kwaya ya kanisa ilimwomba aangalie kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma, akakataa kwa maneno hayohayo, kisha akakaa benchi la mbele akikunja uso kila kinapokoroma. Alikuwa mkali kwa mabwana wenye magari makubwa na mkali zaidi kwa wenye magari mabovu. Lakini nilimsikia akizungumza na waya aliouchuna vibaya, kwa sauti ya chini, "Pole, pole, nimekuumiza."

Siku niliyomkubali moja kwa moja hakuwepo. Alikuwa kwenye simu.

Nilikuwa narudi kutoka Usevya na magunia kumi na nane, nimehesabu kumi na nane, nimerudia kumi na nane, na katikati ya hifadhi, baada ya Kibaoni, kabla hata ya kuikaribia Sitalike, geji ikaanza kupanda. Wanaoijua barabara ile wanajua kwamba si pahali pa kushuka ukanyoosha miguu. Vioo nilikuwa nimefunga kwa ajili ya mbung'o. Mtandao ulikuwa mistari miwili, ukawa mmoja. Nikampigia.

"Uko wapi?"

"Porini, Fundi. Katikati kabisa."

"Tembo wapo?"

"Sijahesabu."

"Washa hita."

"Nini?"

"Hita. Ipeleke mpaka mwisho, na upepo wake mpaka mwisho."

"Fundi, vioo nimefunga, jua linaniona peke yangu, halafu niwashe hita?"

"Joto likija kwako litakuwa limetoka kwenye injini. Wewe huwezi kupasuka. Injini inaweza."

Nikawasha. Nikaokwa. Geji ikasimama, ikasita, ikarudi nyuma kidogo. Nikapata sehemu ya wazi, nikazima, nikatazama kushoto na kulia mara mbili kila upande, nikashuka. Mbung'o walinipokea kama mgeni wa harusi.

"Washa ufunguo, injini usiwashe. Sasa chomoa waya wa sensa, ule mmoja kwenye rejeta. Ugusishe kwenye bodi ya gari. Hapo unaidanganya rilei kwamba maji yamechemka. Umesikia tik?"

"Simu inakatika, Fundi!"

"Tik! Nakuuliza tik!"

"Nimeisikia! Tik!"

"Basi mwenye bendera hana shida. Fungua boksi la fyuzi, niambie unaona nini."

Niliona fyuzi ya feni imevishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na karatasi yenyewe imeyeyuka. Nilimweleza.

"Nani amekuwekea sigara kwenye gari langu?" Alisema gari langu. Lilikuwa la kwangu.

"Fundi mmoja wa njiani. Iliungua wiki iliyopita, akasema hiyo inasaidia."

"Inasaidia kuchoma gari. Mwambie akavute sigara yake. Tafuta fyuzi ya rangi ileile. Ya taa kubwa. Mchana huzihitaji."

Nikaitoa, nikaipachika, feni ikazunguka. Jioni nilihesabu alama za mbung'o kwenye mkono wa kulia peke yake: kumi na tisa. Nikarudia: ishirini na moja. Nilimpelekea kilo tano za mchele mpya. Akaupokea, akaunusa, akasema, "Huu una mawe."

Ulikuwa hauna mawe.

Mambo yalianza kubadilika kwa vitu vidogo, na mimi ninayejisifu kwa macho niliviona, nikavihesabu, nikaviacha. Alianza kutafuta taa ya kupimia ikiwa mkononi mwake. Hilo linampata kila mtu. Akaniuliza habari za mume wangu, niliyemzika miaka sita kabla, naye Fundi alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Nikamjibu, "Hajambo." Siku nyingine akatia skurubu sita kwenye kifuniko, akarudisha tano, akasema, "Sita."

Mimi nikasema, "Sita."

Ya sita niliificha kiganjani, nikaifunga mwenyewe nilipofika nyumbani. Ndiyo mara ya kwanza maishani nimekubali hesabu nikijua si sawa, na sikupata faida yoyote.

Binti alimpeleka hospitali. Waliambiwa ni maradhi ya kusahau, kwamba dawa zinaweza kuyachelewesha kidogo, ila hayarudi nyuma. Alinieleza huku akishona, bila kuinua macho, na mshono ule ulikwenda upande.

Kisha likaja gari la asali. Mwenyewe alitoka Ugalla na mapipa yake, feni haizunguki, akafika Makanyagio asubuhi, akahudumiwa upesi, akasifu, akaondoka. Hakufika stesheni. Alirudi kwa miguu, shati lina masizi, ameshika kipande cha waya kilichoungua mpaka shaba inaonekana.

"Mzee! Nilikuja nipozewe gari, siyo nichomewe!"

Hakuna aliyeumia. Moto ulizimwa kwa mchanga na kwa ndoo za akina mama wa gengeni, na asali ilipona. Fundi alichukua ule waya, akaugeuza kwenye mwanga, akaufuata kwa kidole kutoka upande wa betri mpaka upande wa feni. Uso wake ukakunjamana kwa hasira ya kweli.

"Huu umetoka betri moja kwa moja. Nani mjinga kafunga hivi bila fyuzi?"

Mwenye asali alifungua mdomo, akamtazama binti, akaufunga. Binti alikuwa ameinamisha paji la uso juu ya cherehani.

Ndipo binti aliponifuata gengeni ninapouzia mchele. "Shikamoo shangazi. Mwambie."

"Marahaba. Kwa nini usimwambie wewe?"

"Nikimwambia mimi, nimemfukuza kwenye nyumba yake. Ukimwambia wewe, ni mteja kalalamika."

"Na akiacha, atakaa afanye nini?"

"Unadhani sijajiuliza?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini leo ilikuwa asali. Kesho je, kama ndani ya gari kuna watoto?"

Mimi nikikosa jibu huwa naomba muda. "Nipe wiki mbili."

"Moja."

"Siku kumi."

"Shangazi, hapa hatuuzi mchele."

Nilijisikia vibaya, lakini mdomo una mazoea yake, ukaendelea. Nikatoa wazo. Tumpime. Nitatoa kitu kimoja kwenye gari langu, kitu kidogo, feni isizunguke. Akikipata mwenyewe, aendelee na gari langu tu, mimi nikiwa nimesimama pale. Asipokipata, nitamwambia siku hiyohiyo, kwa mdomo wangu. Binti akakubali kwa kichwa. Wakati ule niliona nimepata biashara nzuri.

Ikawa Jumamosi, asubuhi. Kabla ya kutoka nyumbani nilichukua spana namba kumi, nikafungua bolti inayobana waya mweusi wa feni kwenye bodi, nikauficha waya nyuma ya taa. Umeme ukishafanya kazi yake kwenye feni lazima urudi betri, na unarudi kwa kupitia bodi ya gari. Ukiukosesha njia ya kurudi, hauji kabisa. Fyuzi nzima, rilei nzima, feni nzima, na hakuna kinachozunguka.

Nilimkuta kwenye kiti chake, kikombe kinatoa moshi pembeni. Hakuuliza swali lake. Alisema tu, "Feni?"

"Feni, Fundi."

Binti aliendelea kushona. Kipande kilekile alikishona na kukifumua, nilimwona.

Alianza. Fyuzi: taa ya kupimia ikawaka. Waya wa sensa akaugusisha bodi: tik. Soketi ya feni: taa ikawaka. Akaichomoa feni, akaipelekea nyaya mbili kutoka betri: ikazunguka, akaiachia. Mikono ilikuwa ileile, haikutetemeka, haikuruka. Nne kwa nne. Akasimama, akajifuta jasho. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, njia ya kurudi. Nikaushikilia ukingo wa gari, nikamngoja ausogeze mkono wake upande wa bodi.

Mkono ukasogea. Ukaenda kwenye fyuzi.

Fyuzi, tik, soketi, mota. Kila hatua ilikuwa sahihi, huwezi kumkosoa hata moja. Akafika mwisho, akajifuta jasho, akafungua boksi la fyuzi. Nilihesabu mizunguko mitatu. Nikarudia kuhesabu nikitumaini nimezidisha. Ilikuwa mitatu. Waya mweusi ulikuwa umbali wa shibiri moja kutoka kwenye kiwiko chake, na mimi niliyeuficha ndiye niliyekuwa namwomba Mungu Fundi auone. Mara mbili nilikohoa. Mara moja nilitaka kuutaja na kuiharibu biashara yote. Binti alinitazama akatikisa kichwa: hapana.

Kwenye mzunguko wa nne, alipoiacha mota, kidole chake hakikuinuka. Kilishika waya mweusi pale unapotoka kwenye feni, kikaufuata chini, nyuma ya taa, kikautoa. Akaishika ncha yake. Akainama akaangalia tundu la bolti kwenye bodi, pale palipokuwa na duara safi linalong'aa katikati ya vumbi.

"Huu haukukatika," akasema. "Umefunguliwa. Spana namba kumi. Leo asubuhi, maana vumbi halijarudi."

Cherehani ilinyamaza.

Alinitazama mimi, kisha akamtazama binti yake, kisha mimi tena. "Mlikuwa mnanipima."

Nina maneno ya kumpa mkulima, ya kumpa mnunuzi wa jumla, ya kumpa askari wa barabarani. Mbele yake nilifuta ukingo wa gari kwa upindo wa kitenge.

"Nimechukua muda gani?"

"Kama dakika kumi hivi, Fundi."

Ulikuwa umepita muda wa saa moja na dakika arobaini.

"Mwongo wewe." Akanyoosha kidole kwenye kikombe. "Chai imefanya ngozi."

Akakaa kwenye kiti. Nilidhani atanifukuza, na ingekuwa nafuu. Aliifuta taa yake ya kupimia kwa shati lake, polepole. "Mngeniuliza tu."

"Tungekuuliza nini, Baba?" Binti alikuwa amesogea, amesimama nyuma yake.

"Kama najua. Najua. Asubuhi huwa najua. Ikifika mchana, sijui kama nilijua." Akaiweka ile taa magotini. "Lile gari la asali nilifunga mimi, eh?"

Binti alimshika bega. Nikajibu mimi. "Ulifunga wewe, Fundi."

"Bila fyuzi."

"Bila fyuzi."

Aliitika kwa kichwa mara nyingi, sikuhesabu. Kisha akainuka, akatafuta bolti, nikampa, ilikuwa mfukoni mwangu. Akasema, akimwambia binti ila akinitazama mimi, "Hili la Mama Mchele ndilo la mwisho. Wakija wengine waambie nimeacha. Usiwaambie naumwa. Waambie nimeacha."

"Sawa, Baba."

"Nimeacha mwenyewe."

"Umeacha mwenyewe."

Akaibana bolti, akauvuta waya kuujaribu, akaniambia niwashe. Tukangoja wote watatu kama zamani. Geji ikapanda mpaka nusu, ikapita nusu kidogo. Tik. Feni ikazunguka. Yeye akafumba macho akasikiliza, na binti akageuka pembeni akajipangusa kwa kitambaa cha mteja. Mimi nilijisikia mwepesi kwa namna ya kutia aibu. Lile neno zito nililoshindwa kulisema kwa wiki nzima, alikuwa amelisema mwenyewe, vizuri kuliko ambavyo mimi ningelisema.

Akaingia ndani kunawa mikono. Binti akaniambia kwa sauti ya chini, "Asante, shangazi," nami nikapokea asante isiyokuwa yangu.

Alipotoka mikono ilikuwa inadondosha maji. Akaliona gari, boneti iko juu, injini inanguruma. Uso wake ukachangamka kabisa.

"Aa, Mama Mchele! Karibu. Umefika saa ngapi?"

Nikamtazama binti. Binti alikuwa ameganda, ameshika mkasi.

"Sasa hivi, Fundi."

"Limechemka tena, eh? Feni hiyo." Akaja akainama juu ya injini. Feni ilikuwa inazunguka mbele yake kwa nguvu zote, upepo wake unaipeperusha kola ya shati lake. Akafungua boksi la fyuzi. Alikuwa amekwisha kuacha kazi, kwa kinywa chake, kwa heshima yake, na sasa tuliolijua hilo tulikuwa sisi wawili tu. Kesho ingebidi aambiwe. Kesho kutwa ingebidi aambiwe tena.

Gari langu ukizima ufunguo na feni inakatika papo hapo. Nikapitisha mkono dirishani, nikauzima.

Feni ikapungua, ikapungua, ikasimama.

"Unaona?" akasema bila kuinua kichwa. "Haizunguki."

"Naona, Fundi."

"Tutaanzia kwenye fyuzi."

Nikasogea karibu yake, nikamshikia kifuniko.